Kuteremka Bonde la Ruvuma kutoka Newala, na Kupanda Tena Salama

Ukitoka Mtwara mjini kwenda Newala hutajua kuwa unapanda. Barabara inapita Mnivata, inapita Tandahimba, mikorosho kushoto, mikorosho kulia, na gari wala halilii kama linavyolia kwenye milima. Nyanda za juu za Makonde zimekaa kama sinia lililoinuliwa upande mmoja: upande wa Bahari ya Hindi uko chini, ardhi inapanda polepole kwa zaidi ya kilomita mia moja, halafu upande wa Newala inakatika ghafla. Pale inapokatika, pembezoni mwa mji, ndipo penye Shimo la Mungu. Chini yake ni bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji.

Wageni wengi hufika ukingoni, hupiga picha, hurudi gesti. Kwa mwenye nusu siku hiyo inatosha. Maelezo haya ni ya anayetaka zaidi: kusimama ukingoni kwa saa inayofaa, kuteremka kwa miguu hadi chini ya mteremko na kurudi siku hiyohiyo, kisha siku nyingine kufika mtoni bila kujitia hatarini. Jambo moja linatawala yote: juu maji ni ya shida, na kwenye mteremko hakuna gari la kukuokoa. Kwa hiyo safari hii hupangwa kuanzia mwisho. Kwanza jiulize utapandaje, saa ngapi, na maji kiasi gani. Kuteremka kutajipanga kwenyewe.

Maji yako wapi

Udongo wa juu ni mwekundu na wa kichanga, na chini yake ni mawe ya mchanga yanayopitisha maji. Mvua ikinyesha haikai. Inazama moja kwa moja, inapita ndani kwa ndani, na kutokea kama chemchemi chini ya mteremko. Ndiyo maana juu huoni mto wala kijito ijapokuwa mvua ni nyingi msimuni. Katika karne ya 19 watu walikubali kukaa mbali na maji kwa sababu vichaka vizito vya juu viliwaficha wasionekane na wawinda watumwa na wavamizi wa Kingoni, wale waliovamia hata misheni ya Masasi mwaka 1882. Gharama yake waliilipa akina mama, walioteremka na vyombo na kupanda navyo kichwani. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Ukiwa nusu ya njia, unahema na begi dogo mgongoni, likumbuke hilo.

Hata vita viliamuliwa na maji hapa. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Wareno lilivuka Ruvuma likaikalia Newala. Wajerumani walipowanyang'anya njia ya maji, Wareno hawakuweza kukaa. Mwishoni mwa Novemba waliliacha boma na kurudi ng'ambo.

Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, ukisukuma maji kwa mashine kutoka bondeni hadi juu, na nyumba nyingi zina matangi au visima vya kuvunia mvua ya paa. Hali imekuwa nafuu sana, lakini maji ya kusukumwa hutegemea pampu na umeme. Mashine ikisimama, bomba linakauka, na katika miezi ya kiangazi ndoo huuzwa mitaani kwa baiskeli na bodaboda.

Kwa mgeni maana yake ni hii: beba maji yako kutoka mjini, yanunue dukani jioni ya siku iliyotangulia, na usiingie kwenye nyumba ya mtu kijijini ukaomba ujaziwe chupa mbili za lita moja na nusu mwezi wa Septemba. Hatakunyima. Kumnyima mgeni maji ni aibu, na ndiyo sababu wewe usimweke mwenzako kwenye hali hiyo. Ukizidiwa kabisa, omba kikombe unywe palepale. Ukitaka zaidi, lipia bei ya ndoo.

Mwezi gani

Mvua huku ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, mara nyingine Mei. Wakati mzuri kuliko wote ni kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai. Hewa imeoshwa, bonde bado kijani, joto limepungua, na njia zimekauka. Ukija na mtu asiyezoea kutembea, mlete Juni.

Kuanzia Agosti mashamba mapya huchomwa pande zote mbili za mto, na moshi hutanda bondeni hadi mvua za kwanza. Oktoba unaweza kusimama Shimo la Mungu mchana kweupe usione zaidi ya vilima vya karibu. Anayekuja Oktoba kwa ajili ya mandhari atasikitika. Anayekuja kuona korosho atafurahi, maana ndio msimu wa kuokota na wa minada. Ila gesti hujaa wanunuzi na wasafirishaji, kwa hiyo weka nafasi mapema. Mvua za kwanza zikishaosha hewa kuna siku chache safi sana, lakini huwezi kuzipanga ukiwa mbali.

Januari hadi Aprili furahia ukingo tu. Mteremko unateleza, makorongo hujaa ghafla, na Ruvuma hufurika mashamba ya mpunga.

Kuna jambo la Mei hadi Agosti ambalo mgeni hajui: salfa. Wakulima hupulizia mikorosho unga wa salfa kuzuia ubwiri unga, na kazi hufanyika alfajiri wakati hakuna upepo na majani bado yana umande. Ukisikia mashine ikinguruma shambani na kuona wingu la njano, subiri litulie au pita upande upepo unakotoka. Salfa inawasha macho vibaya, na ukiyafikicha ndiyo unaongeza. Osha kwa maji mengi. Mwenye pumu abebe dawa yake mfukoni, asiiache kwenye begi la gesti.

Kufika

Kutoka Dar es Salaam kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupitia Lindi hadi njiapanda ya Mingoyo, kisha kufuata bonde la Lukuledi kupitia Mtama, Nyangao na Ndanda hadi Masasi, na kutoka hapo kupanda Newala. Ya pili ni kwenda hadi Mtwara mjini na kushika njia ya Tandahimba. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi ina takriban kilomita 210. Kabla ya kukata tiketi uliza kituoni vipande gani bado ni vumbi au viko kwenye ujenzi, kwa sababu udongo huu mwekundu ukilowa hata gari kubwa hutambaa.

Kwa anayefika mara ya kwanza, bora aingie kwa Masasi na kutokea Mtwara. Kwa Masasi utauona ukuta wa nyanda za juu ukiwa chini yake, utapanda nao kwenye gari, na milima ya mawe ya Masasi itabaki nyuma yako. Kwa njia ya Mtwara huoni chochote hadi ufike ukingoni wenyewe, na mwili wako hauna habari ya kimo ulichopo.

Ukingoni

Fika siku ya kwanza mchana, lala, amka mapema. Juni jua huchomoza karibu saa 12:40 asubuhi na kuzama karibu saa 12:10 jioni; Desemba huchomoza karibu saa 12 kamili na kuzama karibu saa 12:40. Uwe ukingoni dakika ishirini kabla ya jua. Asubuhi za baridi ukungu hulala bondeni na vilima vya chini hutokeza juu yake. Huo ndio mwonekano ambao watu huusafiria. Kuanzia saa 3 ukungu huanza kukatika. Siku nyingine ukungu hupanda ukafunika ukingo wenyewe, usione hata mita ishirini. Usiondoke, kanywe chai, rudi saa 4.

Bonde liko kusini. Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, nyuma yako, kwa hiyo picha hutoka vizuri karibu siku nzima. Desemba mambo hugeuka: jua la mchana huelemea kusini, mbele yako kidogo, na picha za saa 6 hutoka zimepauka. Mwanga wa kuonyesha makorongo na mikunjo ya mteremko ni ule wa ubavuni, kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni.

Kuhusu pa kusimama, angalia chini kabla ya kuangalia mbali. Mvua hula ukingo kutoka chini, ukabaki mdomo wa udongo usio na kitu chini yake. Dalili ni ufa unaokwenda sambamba na ukingo, hata ukiwa mwembamba wa kupitisha kidole. Ukiuona, simama nyuma yake. Msimu wa mvua na wiki mbili baada yake kaa mita tatu nyuma ya ukingo popote pale, na watoto washikwe mkono. Majani makavu ya mikorosho juu ya changarawe huteleza kuliko tope. Kanda mbili hazifai hapa.

Ruvuma utauona kama utepe wa mchanga na maji mbele kabisa, na macho yatakudanganya kuwa ni karibu. Kutoka ukingo wa Newala hadi mtoni si chini ya kilomita 15 kwa mstari mnyoofu, na njia za bondeni hazinyooki. Usimsikilize anayekwambia mnaweza kwenda mtoni na kurudi kwa miguu siku moja. Kwa miguu lengo ni chini ya mteremko, kwenye mashamba ya kwanza. Mtoni ni safari nyingine.

Ruhusa na kiongozi

Ukitaka kuteremka, pitia ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa ambao njia inaanzia. Huu ni mpaka wa nchi, na tangu mapigano yaanze Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mto, mwaka 2017 wageni wasiojulikana bondeni hutiliwa shaka, na wananchi wana haki ya kutilia shaka. Nenda jana yake, saa za kazi, na kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Vua kofia, salimia kwanza wote waliopo, ndipo useme shida yako bila kuzungukazunguka: "Shikamoo mzee. Sisi ni wageni, tumetoka Lindi mjini. Tunaomba kuteremka bondeni kesho alfajiri hadi kwenye mashamba ya chini, na kurudi kesho hiyohiyo kabla ya jioni. Tunaomba pia kijana wa kutuongoza." Taja idadi yenu na gesti mliyofikia. Andikeni majina kwenye kitabu cha wageni. Mkirudi, pitieni kuaga au pigeni simu. Wasipojua mmerudi wataanza kuwatafuta.

Kiongozi achaguliwe na ofisi, asiwe wa kuokotwa njiani. Mtu anayefaa ni yule mwenye shamba chini, kwa sababu anaijua njia ya wiki hii. Njia za mteremko hubadilika kila masika: korongo linakula moja, watu wanafungua nyingine. Kubalianeni malipo kabla ya kuondoka, kwa siku nzima, na maji yake na chakula chake ni juu yako. Mwulize mambo manne: njia hii watu wameipita wiki hii? Chemchemi ya chini ina maji sasa? Kuna tembo walioonekana? Kuna kumbi zozote za jando au unyago upande huo?

Hilo la mwisho ni zito. Jando na unyago bado vipo na vinaheshimiwa, hasa shule zikiwa zimefungwa. Ukisikia ngoma au ukaona njia imezibwa kwa matawi, usisogee, usipige picha, usiulize maswali. Kiongozi atawazungusha. Ngoma ya hadharani, kama sindimba au midimu, ni kitu kingine: hapo unaweza kutazama, na picha unamwomba mzee wa ngoma, humpigi mchezaji kwa kuvizia.

Mzigo

Maji ni lita 5 kwa kila mtu: nusu lita kwa saa ukiteremka, karibu lita moja kwa saa ukipanda juani, na lita moja ya akiba isiyoguswa mpaka uone paa za nyumba juu. Hizo ni kilo 5, nzito lakini zinapungua. Njia nzuri ya kupunguza uzito ni kuacha chupa moja nusu ya mteremko, ukaichukua unapopanda. Ifunge kwenye mfuko, itundike kwenye tawi jembamba mahali pasipoonekana kutoka njiani. Ukiiweka chini, nyani wataitoboa. Isiwe ndiyo akiba yako ya mwisho, maana ikipotea utaumbuka.

Chakula kiwe cha chumvi na cha wanga: mihogo ya kuchemsha, ndizi, korosho za kukaanga zenye chumvi. Chapati zenye mafuta mengi zitakukaa kifuani wakati wa kupanda. Beba pakiti mbili za dawa ya kuongeza maji mwilini. Ukikosa, chukua sukari na chumvi pembeni. Kipimo ni vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo sawazisha kijiko.

Viatu viwe vya kufunga, vyenye meno, na kucha za miguu zikatwe jana yake. Kuteremka husukuma vidole mbele kwa saa mbili nzima, na kucha ndefu hugeuka nyeusi kabla hujafika chini. Suruali ndefu, shati la mikono mirefu, kofia pana, fimbo ya kimo cha kifuani, tochi hata kama unapanga kurudi mchana, filimbi, bendeji pana, plasta ya gundi na kitambaa cha khanga. Khanga utaifanyia kila kitu: kivuli, kamba, kuchuja maji, kumfunga aliyeteguka.

Kuteremka na kupanda

Kabla ya hatua ya kwanza, washa simu na usome kimo ulichopo. Iandike. Ukifika chini soma tena. Tofauti hiyo ndiyo hesabu yako ya kurudi: kila mita 100 za kupanda ziwekee dakika 25, kisha ongeza dakika 10 za kupumzika kwa kila nusu saa ya mwendo. Ukiwa umeshuka mita 400, kupanda peke yake ni dakika 100, na mapumziko yanakufikisha saa mbili na zaidi. Usitumie muda wa kuteremka kukadiria. Hapo ndipo watu wazima wenye akili zao hukosea: walishuka kwa saa moja na nusu, wakadhani watapanda kwa saa mbili, wakakutwa na giza.

Kuna mipango miwili inayofanya kazi, na mchanganyiko wake haufanyi kazi. Wa kwanza: ondoka juu kukipambazuka, geuka saa 3:30 asubuhi popote ulipofika, umalize kupanda kabla jua la saa 6 halijawa utosini. Wa pili: teremka taratibu, fika chini saa 4, kaa kivulini chini ya mwembe hadi saa 9 alasiri, ndipo upande, uwe juu kabla ya saa 12 jioni. Wa pili ni mzuri zaidi kwa anayetaka kuliona bonde, kuongea na wakulima, kula vizuri. Wa kwanza unafaa Septemba hadi Novemba kukiwa na joto. Kinachoangusha watu ni kugeuka saa 5. Hapo utapanda katikati ya mchana, mgongo wa mteremko ukirudisha joto usoni. Chini ni moto kuliko juu: kila mita 100 za kushuka huongeza zaidi ya nusu nyuzi, na upepo wa ukingoni haufiki.

Sehemu ya kwanza chini ya ukingo ndiyo kali kuliko zote. Shuka kwa hatua fupi, goti likiwa limekunjwa kidogo, fimbo mbele yako upande wa chini. Pasipo na mti wa kushika, shuka kimshazari. Acha mita tatu kati ya mtu na mtu, kwa sababu jiwe linalotikiswa na wa juu humfikia wa chini. Njia ikigawanyika fuata yenye nyayo mpya na alama za tairi la baiskeli, kwa kuwa mwenye baiskeli ana shamba anakokwenda. Njia isiyo na nyayo huishia kwenye kichaka au korongo. Kila mahali njia inapogawanyika geuka nyuma uone itakavyoonekana ukirudi, au vunja kijiti ukilaze.

Chini ya sehemu kali unaingia kwenye vilima na miombo. Mei hadi Agosti tahadhari na upupu, mmea wa kutambaa wenye maganda ya kahawia yenye manyoya. Upepo mdogo tu unatosha kukurushia. Ukikupata usijikune na usikimbilie maji. Bandika plasta ya gundi kwenye ngozi, ibandue, rudia hadi vinyweleo vitoke, ndipo uoshe.

Kisha mashamba: mtama, mbaazi, ufuta, mihogo, na mpunga kwenye mabonde yenye unyevu. Pita pembezoni, usikatize katikati ya matuta. Anayelima msalimie kwa sauti ukiwa mbali, kabla hujamfikia. Bibi akikuuzia ming'oko ya kuchemsha, nunua. Viazi hivi vya porini ni chakula cha kusini, na kwa mpandaji hakuna kinachoshibisha vizuri zaidi. Korosho iliyoanguka chini ina mwenyewe hata kama hakuna mtu wala uzio. Kuiokota ni wizi. Bibo, tunda la mkorosho, nalo liombe, utapewa.

Maji ya chemchemi yachuje kwa khanga, yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja kamili, au tia vidonge vya klorini kwa kipimo cha pakiti na usubiri dakika 30. Usiingie miguu mitupu kwenye madimbwi yaliyotulia, kwa ajili ya kichocho.

Kupanda: anza polepole kupita unavyotaka. Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote aende mbele, kiongozi awe naye, na mtu mzima mmoja afunge nyuma. Kunywa mafunda matatu manne kila dakika kumi na tano, usisubiri kiu.

Yanayoharibika

Anayeanza kuumwa kichwa, kutapika, au kutetemeka huku kuna joto amezidiwa na jua. Mlaze kivulini, miguu juu, fungua nguo, mlowanishe shingo na kwapa, mpe maji ya chumvi na sukari kidogokidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, pigeni simu juu. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagieni maji, ile akiba ikiwemo, apepewe bila kuacha, na asilazimishwe kunywa. Abebwe hadi hospitali ya wilaya.

Kifundo kikiteguka usivue kiatu. Funga bendeji juu yake, kwa sababu ukivua hakitaingia tena. Aliyeumwa na nyoka asitembee: funga mguu usicheze, ondoa pete na viatu vinavyobana, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza damu. Abebwe kwa khanga na miti miwili, haraka.

Moshi ukitokea mteremkoni chini yako, usikimbilie juu. Moto hupanda mlima haraka kuliko mtu. Kata ubavuni kuelekea shamba lililolimwa au eneo lililokwisha ungua. Mawingu yakikusanyika juu, toka korongoni mara moja hata kama kwako ni kukavu, maana maji hutoka ulikotoka wewe.

Kufika mtoni

Hii ifanyie siku nyingine, kwa pikipiki au gari lenye nguvu, na kwa ruhusa ya kijiji cha bondeni utakachofikia. Kila kijiji kina ofisi yake, na barua ya kijiji cha juu haitoshi. Dereva awe wa hukohuko.

Ruvuma huanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, na huku chini umekuwa mpana, wa mchanga, wenye mikondo inayohama kila mwaka. Una mamba na viboko. Kaa mita kumi kutoka majini. Usichote, usinawe, usisimame mchangani karibu na maji kwa ajili ya picha, hata kama watoto wa kijiji wanaoga pembeni. Wao wanajua pa kuogea leo, na hata wao huumia. Viboko hutoka malishoni alfajiri na kurudi majini. Ukikuta njia pana iliyokanyagwa kwenye matete, usisimame ndani yake. Mavi ya tembo yakiwa mabichi, geuza pikipiki. Mchanga uliotoka kufurikwa huzamisha mguu hadi gotini; pima kwa fimbo.

Kuvuka kwa mtumbwi kwenda ng'ambo hata "dakika mbili tu" ni kuvuka mpaka bila kibali, na doria zipo. Anayetaka kwenda Msumbiji atumie Daraja la Umoja la Mtambaswala wilayani Nanyumbu, lililofunguliwa mwaka 2010, akiwa na hati zake. Vituo vya ulinzi na askari usiwapige picha.

Ondoka mtoni kabla ya saa 9 alasiri ili barabara ya kupanda uimalize kwa mwanga. Lala Newala mjini usiku huo ndani ya chandarua; bondeni mbu ni wengi, na homa yoyote ndani ya wiki nne zinazofuata kapime malaria, umwambie mganga ulikokuwa. Tiketi ya kurudi Masasi au Mtwara ikate jioni hiyohiyo kabla hujaoga, maana magari mengi huondoka alfajiri.